Utafiti wa afya ya kinywa kwa watu wazima nchi nzima: mwongozo kamili kwa anayeanzia huku Kanda ya Ziwa

Kupima meno ya watoto ni kazi nyepesi ukilinganisha na hii. Watoto wa miaka 12 unawakuta darasani, mwalimu anawapanga mstari, asubuhi moja shule imeisha. Mtu mzima hana darasa. Yupo shambani Kwimba, yupo Kirumba mwaloni na magunia ya dagaa, yupo kijiweni Buzuruga na bodaboda yake, yupo ziwani toka jana usiku, na wengine wapo ndani wanaumwa hawatoki nje. Kwa hiyo jambo moja nalisema mapema kabisa, namba ya taifa inaharibikia kwa wale ambao timu haikuwaona. Vioo, glavu, tableti, hivyo vyote vinapatikana hela ikiwepo, ila yule asiyekuwepo nyumbani ndo anataka akili na uvumilivu, na kwenye huu mwongozo nitakaa sana kwake.

Nawaandikia matabibu wa meno wa halmashauri, waratibu wa afya ya kinywa, wanafunzi, na yeyote ambaye siku moja ataitwa kwenye timu ya taifa akakabidhiwa fomu bila kuelezwa kwa nini mambo yamepangwa hivyo.

1. Amua unatafuta namba gani

Kabla hujanunua hata boksi moja la glavu, kaa chini uandike maswali. Watu wazima wangapi wana meno yaliyotoboka na hayajatibiwa? Wangapi fizi zinatoka damu au zimeachia? Wangapi wamebaki na meno chini ya 20, na wangapi hawana hata moja? Wangapi waliumwa jino ndani ya miezi 12 wakashindwa kufika hospitali, na walishindwa kwa sababu gani? Kila swali liwe na mtu atakayetumia jibu lake, mfano anayepanga wapelekwe matabibu wangapi visiwani au anayeagiza vifaa vya kuziba meno. Swali lisilo na mwenyewe litoe, maana kila swali la ziada ni dakika za mama ambaye kaacha dagaa zake juani kwa ajili yako.

Kuhusu umri, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa afya ya kinywa, toleo la 5 la mwaka 2013, unatumia makundi mawili ya watu wazima: miaka 35 hadi 44, na 65 hadi 74. La kwanza linaonyesha maisha ya utu uzima yamefanya nini kinywani na huduma zimesaidia kiasi gani, la pili linahusu wazee na mipango yao. Ukitaka watu wote wa miaka 18 na kuendelea ni sawa, ongeza makundi mengine, ila hayo mawili yaache kama yalivyo ili uweze kulinganisha na nchi nyingine na awamu zilizopita.

Na kulinganisha ndo faida kubwa ya kazi hii. Waingereza walianza utafiti wao wa watu wazima mwaka 1968, wakawa wanarudia kila baada ya miaka 10 hivi. Mwaka 1968 watu wazima 37 katika kila 100 wa England na Wales hawakuwa na jino lolote la asili. Kufika 2009, kwa England, Wales na Ireland ya Kaskazini, walikuwa 6 kwa 100. Kama kila awamu ingepima kwa vigezo vyake yenyewe, leo wasingeweza kusema kama watu walipona meno au kama ni wapimaji tu waliobadilika.

2. Ukubwa wa sampuli

Kuna njia fupi na njia ndefu. Njia fupi ni ile ya Shirika la Afya Duniani ya kuchagua vituo vichache vinavyowakilisha hali tofauti, mfano vituo 4 mji mkuu, 2 kwenye kila mji mkubwa kati ya miwili, na vijiji 4, jumla 12, kila kituo watu 25 kwa kila kundi la umri, unapata watu 300. Inakupa picha ya haraka kwa hela ndogo. Haikupi namba ya mkoa, na sio halali kuitumia kusema "Mwanza ni asilimia fulani". Kama bajeti ndo hiyo fanya hivyo, ila uandike wazi kwenye ripoti.

Njia ndefu ni sampuli ya kubahatisha ambapo kila mtu mzima nchini ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Kwa maoni yangu ukisema "taifa" hii ndo yenyewe. Hesabu yake ya msingi sio ngumu, kama hujui kiwango cha tatizo chukua asilimia 50, ukitaka uhakika wa asilimia 95 na kupotoka kusikozidi asilimia 5 unapata watu 384. Lakini hiyo 384 ni kama umewaokota mmoja mmoja nchi nzima, na we hufanyi hivyo, unaenda kijiji kimoja unapima wengi, na watu wa kijiji kimoja wanakunywa maji ya kisima kimoja na wanaenda zahanati moja, wanafanana. Kwa hiyo unazidisha. Formula ni moja kujumlisha idadi ya watu kwa eneo (toa mmoja) mara kiwango cha kufanana. Tuseme kufanana ni 0.05. Ukipima watu 25 kwa kila eneo unazidisha kwa 2.2, unahitaji watu 845, maeneo kama 34. Ukipima 12 kwa eneo unazidisha kwa 1.55, unahitaji 595 tu, lakini maeneo 50. Unaona mchezo ulipo, watu wachache zaidi ila mafuta na boti zaidi. Afu ongeza kwa ajili ya watakaokataa au kukosekana, ukitegemea kumi kwa mia gawanya kwa 0.9.

Na hiyo ni kwa namba MOJA. Ukitaka namba ya kila kanda, au ya kila kundi la umri peke yake, kila moja inadai sampuli yake kamili. Hapa ndo vikao vinakuwa virefu maana kila mkubwa anataka mkoa wake uonekane na bajeti ni ileile. Amueni mezani, sio uwandani.

3. Kuchagua maeneo

Orodha ya maeneo ya kuhesabia watu iko Ofisi ya Taifa ya Takwimu, inatokana na Sensa ya 2022 iliyotupa watu 61,741,120. Omba orodha rasmi, usitengeneze ya kwako. Igawe kwanza mjini na vijijini kwa kila kanda, afu chagua ili eneo lenye kaya nyingi liwe na nafasi kubwa zaidi. Kwa mkono inaenda hivi: tuseme kundi lako lina kaya 12,000 na unataka maeneo 10, gawanya, unapata hatua ya 1,200. Chagua namba ya bahati kati ya 1 na 1,200, tuseme imetoka 437. Eneo lenye kaya ya 437 kwenye jumla inayopanda limeingia, afu la 1,637, la 2,837, unaendelea hivyo mpaka ziishe 10. Usibadilishe eneo kwa sababu barabara ni mbaya. Narudia, usibadilishe.

Visiwa ndo majaribu makubwa ya huku kwetu. Ukerewe ina visiwa vingi, Nansio unafika kwa meli bila shida, ila ukiangukiwa na Irugwa au kambi ndogo za wavuvi, kuna mtu atasema tu "tuchukue ya jirani, si wote ni Waukerewe". Hapana. Watu wa kambini wanakula tofauti, wanalala tofauti, huduma ya meno wanaisikia kwa mbali, kinywa chao sio kinywa cha mtu wa Nyamagana. Kama hela ya boti haipo waondoe visiwa kabla ya kuchagua sampuli, na kwenye ripoti useme utafiti haukuhusu visiwa, msomaji ajue. Kuwaondoa kimyakimya katikati ya kazi ni kuwafuta.

Jambo jingine, kambi ya wavuvi inahama. Orodha ya kaya ya mwaka juzi inaweza kukuonyesha nyumba 60 ukafika ukakuta 20, au ukakuta 140. Kwa hiyo kila eneo lililochaguliwa liorodheshe upya, tuma watu siku chache kabla wapite nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa kitongoji, waandike kila mlango, pamoja na yale mabanda ya mabati wanapolala vijana wanne watano wa boti moja.

4. Ruhusa na kubisha hodi

Kibali cha maadili kinatoka kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Zanzibar ina taratibu zake, na kama kuna mtafiti wa nje kuna COSTECH pia, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia. Anza mapema, maana wakirudisha andiko kwa marekebisho, na hilo ni kawaida, unahitaji muda wa kulirekebisha. Baada ya hapo barua zinashuka: mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa, mwenyekiti. Kwenye mwalo ongeza uongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, bila wao wavuvi watakuona umeleta kodi au umekuja kukagua nyavu. Vaeni vitambulisho, ila gari lenye maandishi makubwa lisiegeshwe mlangoni kwa mtu.

Na salamu, jamani. Kijana wa timu aliyetoka mjini akifika Magu kwa mzee wa miaka 70 akaanza na "tunafanya utafiti", ameshapoteza huyo mzee. Shikamoo kwanza, kama unajua mwangaluka, salamu ya Kisukuma, itumie, kaa ulipoonyeshwa, afu ndo useme kilichokuleta.

5. Timu, na kuwafanya waone kwa jicho moja

Kila mpimaji awe na karani wake wa kuandika, plus mdadisi wa dodoso, na mtu mmoja wa eneo hilo anayejua njia na lugha, maana Ukerewe utakutana na Kikerewe, Kikara na Kijita, na huku bara wazee wengi wanajieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma.

Sasa kulinganisha wapimaji ndo moyo wa kazi ya kinywani. Daktari wa meno aliyezoea kliniki ana tabia ya kutafuta kila kidoa ili atibu, na hiyo ni tabia nzuri kliniki, ila kwenye utafiti inavuruga. Kigezo hapa ni jino lenye shimo dhahiri, au ambalo ngozi yake ngumu ya juu imeliwa kwa chini, au lenye sakafu laini ukiligusa. Doa jeupe, doa la kahawia gumu, mfereji mweusi usio laini, vyote vinaandikwa jino zima. Ukiwa na mashaka andika zima. Inauma kwa mtu wa taaluma lakini wote wakifanya hivyo namba inalingana.

Wafundishe darasani, afu wote wapime watu walewale 20 au zaidi, kila mtu kivyake, watu wenye hali tofauti tofauti za kinywa. Linganisha majibu kwa kipimo cha kapa, sio kwa asilimia ya kukubaliana tu, na nitaonyesha kwa nini. Tuseme wapimaji wawili, kila mmoja anasema meno 5 kwa kila 100 yametoboka, na wanakubaliana kwenye meno 95 kwa 100. Inasikika vizuri sana. Ila kwa bahati tu wangekubaliana kwenye 90.5, kwa sababu meno mengi ni mazima na wote wanasema zima. Ukipiga hesabu, 95 toa 90.5 gawanya kwa 9.5, kapa inakuja kama 0.47. Hiyo ni wastani, wakati tunataka ipite 0.8. Yaani hao wawili kwenye meno mabovu, ambayo ndo yametutoa nyumbani, hawaoni kitu kimoja. Warudi wajadiliane jino kwa jino. Anayeshindwa kabisa apewe kazi nyingine, bila kumdhalilisha.

Kwenye fizi tatizo ni mkono. Probu, kile kijiti chembamba cha chuma cha kupimia fizi, ina kinundu cha nusu milimita kwenye ncha na mkanda mweusi kati ya milimita 3.5 na 5.5. Mkanda ukizama kiasi, mfuko, yaani nafasi kati ya fizi na jino, ni milimita 4 hadi 5, ukipotea wote ni 6 na kuendelea. Nguvu isizidi gramu 20. Namna ya kujifunza hiyo nguvu, weka ncha chini ya ukucha wa kidole gumba ubonyeze mpaka pageuke peupe, isiume. Fanyeni kila asubuhi kabla ya kuanza, maana mkono unasahau.

Na uwandani pima tena watu 5 hadi 10 kwa kila 100, wasipungue 25, wachaguliwe bila mpimaji kujua mapema. Wapimaji huteleza taratibu kadri wiki zinavyokwenda.

6. Vifaa

Kwa kila mpimaji vioo visivyopungua 30 na probu 30, ili vingine vichemshwe huku vingine vinatumika. Taa ya kichwani yenye mwanga mweupe, timu zote taa ya aina moja, kwa sababu mwanga wa njano unaficha wekundu wa fizi. Glavu, barakoa, pamba, ndoo za klorini, kisafishio cha mvuke cha kutumia gesi maana kambi nyingine hazina umeme, kiti chenye mgongo, mifuko ya taka. Taka zinarudi na nyie, hakuna kuacha glavu ufukweni. Hamna eksirei kwenye kazi hii. Chaji za tableti na fomu za karatasi za akiba. Na maboya ya kuvaa kwa kila mtu, nahodha akisema leo hatuvuki, hamvuki, hata kama ratiba imeandikwa kwa wino.

7. Siku yenyewe, na yule asiyekuwepo

Kwenye kaya iliyochaguliwa andika watu wazima wote wanaolala hapo, tableti ichague mmoja kwa bahati. Huyo ndo huyohuyo. Hayupo? Mkewe hawezi kumwakilisha, kaka yake aliyekaa tu kibarazani hawezi. Unarudi. Angalau mara tatu, kwa saa tofauti, moja jioni na moja Jumapili mchana baada ya ibada. Timu zinazopita saa nne asubuhi peke yake zinarudi na wanawake, wazee na wagonjwa, halafu ripoti inasema wanaume wa Tanzania wana hali fulani wakati wanaume waliopimwa ni wale ambao hawakwenda kazini.

Kwa wavuvi wa dagaa angalia mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, ilikuwa karabai sasa nyingi ni za sola, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti dagaa, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wengine wanaenda kuona familia. Panga mialo yako uingie mwanzoni mwa mbalamwezi kabla hawajatawanyika, muulize mwenyekiti wa BMU tarehe, atakutajia bila kuangalia kalenda. Ukienda kwenye giza unamkuta amelala, katoka ziwani alfajiri, na mtu aliyekesha ukimwamsha akafungue mdomo atakukatalia na ana haki.

Nikupe picha ya upimaji ulivyo. Kiti kiko chini ya mwembe, mgongo wake umelipa jua kisogo, jamaa wa miaka 38 amekaa, karani yuko upande wa pili karibu asikie. Mpimaji anaanzia gego la mwisho juu kulia anataja kwa sauti ndogo, namba mbili za kwanza ni jino lenyewe, ya mwisho ni kodi, yaani namba ya hali yake, sifuri ni zima, moja limetoboka, nane halijaota: "Moja nane, nane. Moja saba, sifuri. Moja sita, moja." Hiyo moja sita limebaki kisiki cha mzizi tu, na kisiki kinahesabika jino lililotoboka, sio jino lililong'olewa, wageni wengi wanakosea hapo. "Moja tano, sifuri. Moja nne, sifuri. Moja tatu..." anasimama. Chonge haipo, na pengo lake limeshajifunga kabisa. Anamuuliza, "Hili liling'oka lini ndugu yangu?" Jamaa anasema halikuwahi kuota, mama alimwambia alitolewa meno ya plastiki akiwa mchanga. "Tano," mpimaji anasema, yaani halipo kwa sababu nyingine isiyo kutoboka. Huyo jamaa hakuwa na ugonjwa wowote wa chonge, alikatwa fizi akiwa na homa ya kawaida au anaharisha, na kijino kilichokuwa chini kikaondoka. Tuna watu wazima wengi tu wa hivyo, kwa hiyo mpimaji aulize kila pengo, asikisie.

Kuna kanuni inayoendana na hapo: kwa walio chini ya miaka 30 unahesabu kwenye yaliyokosekana meno yaliyoondoka kwa kutoboka tu, kwa wenye miaka 30 na kuendelea unahesabu yote yaliyokosekana kwa sababu yoyote, maana kumbukumbu ya mtu mzima haiaminiki sana. Andika kodi sahihi, uchambuzi utapanga wenyewe, na hizo chonge unaweza kuzitoa peke yake.

Baada ya meno fizi, halafu madoa ya floridi, halafu nyama laini: midomo, mashavu, ulimi juu na pembeni, chini ya ulimi, kaakaa. Usiruke hii hatua kwa sababu jua limepanda, kidonda cha saratani hakiumi mwanzoni na mwenyewe hajui kipo, hasa kwa watu wa sigara, ugoro na pombe kali. Ukiona utando mweupe au dalili yoyote inayogusa afya yake kwa ujumla, usiitangaze mbele za majirani waliosimama pembeni, ongea naye mkiwa wawili. Kwa floridi, kumbuka watu wanahama, mtu unampima Ilemela meno yana madoa ya kahawia kumbe kakulia Arusha au Singida, meno yake ya kudumu yalitengenezwa huko akiwa mtoto. Muulize alikaa wapi mpaka miaka minane, na kama nyumbani kwao walikuwa wanapikia magadi, maana magadi nayo yana floridi.

Mtu mzima mmoja anachukua dakika 15 hadi 20 za kinywani, achilia mbali dodoso. Msimamizi anayedai watu 40 kwa siku kwa mpimaji mmoja anaomba data mbovu.

8. Wanaokuja wenyewe

Mkiweka kiti tu, watu watakuja. Atakuja bibi kajifunga kitenge shavuni hajalala siku kadhaa, na hayupo kwenye sampuli. Ukimwingiza kwenye data umeharibu, kwa sababu wanaokuja wenyewe ni wenye maumivu. Ukimfukuza umefanya vibaya zaidi. Suluhisho ni meza ya pili toka siku ya kwanza, na iwe kwenye bajeti: tabibu mmoja, dawa za maumivu, uwezo wa kung'oa kama mazingira na kibali vinaruhusu, na karatasi ya rufaa. Majina yao yasikae kabisa kwenye tableti za utafiti.

9. Dodoso

Liwe la Kiswahili cha kawaida, lijaribiwe kwanza kwa watu ambao sio wa sampuli. Ukimuuliza mtu "unapiga mswaki mara ngapi kwa siku" atakuambia mara mbili ili asikuvunje moyo. Muulize "jana ulipiga mswaki? saa ngapi? ulitumia nini?" na uwe na nafasi ya mswaki wa mti, wa plastiki, mkaa, chumvi, kidole. Uliza maumivu ya miezi 12, mara ya mwisho kwenda kwa daktari wa meno na sababu, soda na chai ya sukari, tumbaku, kama anashindwa kutafuna samaki au nyama, kama anaficha mdomo akicheka. Hili la mwisho watu hunyamaza kidogo kabla ya kujibu, wape muda.

10. Rufaa

Kila aliyepimwa aambiwe kilichoonekana na apewe karatasi. Fomu ina ngazi ya uharaka, kuanzia asiyehitaji kitu mpaka mwenye maumivu au usaha anayehitaji kutibiwa mara moja, na anayehitaji uchunguzi mkubwa zaidi. Kabla hujaingia kijijini ujue ni zahanati au hospitali ipi ina mtu wa meno, siku zipi yupo, na nauli ni kiasi gani. Kumwambia mtu wa kisiwa cha Ukara "nenda Bugando", hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza mjini, bila kuuliza atafikaje hakujamsaidia. Wenye hali ya hatari msimamizi afuatilie kwa simu baadaye.

11. Data na hesabu

Hapa nitapita haraka maana takwimu zina watu wake. Tuma data kila jioni mtandao ukipatikana, msimamizi aangalie jioni hiyohiyo, mtu wa miaka 70 mwenye meno 32 mazima yupo lakini akiwa wa tatu leo nenda kaulize. Majina yatenganishwe na majibu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.

Kwenye uchambuzi weka uzito. Mtu aliyechaguliwa kwenye nyumba ya watu wazima watano anawakilisha watano, aliyekuwa peke yake anawakilisha mmoja, ukiwaweka sawa unawapunguzia sauti watu wa familia kubwa. Waliokosekana waandike kwa mafungu: hakupatikana, alikataa, anaumwa, amehama. Halafu waweke mbele ya ripoti, kwa jinsia, umri na eneo, msomaji aone ni kina nani hatukuwafikia.

Na tafadhali msitoe wastani mmoja wa meno yaliyotoboka, yaliyong'olewa na yaliyozibwa halafu mkaishia hapo. Yatenganisheni. Mtu mwenye meno sita yamezibwa na mtu mwenye meno sita yameng'olewa wana jumla ileile, ila mmoja anatafuna na mwingine hatafuni. Fungu la yaliyozibwa likiwa karibu na sifuri na yaliyong'olewa yamejaa, hiyo inamwambia wizara kwamba huduma pekee iliyomfikia mwananchi ni koleo, na kwangu mimi huo ndo ukurasa muhimu kuliko yote kwenye ripoti.

12. Kurudisha, na kutunza

Andika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili kwa kila halmashauri iliyoshiriki, mtu wa timu aende akausome kwenye kikao cha kata au mkutano wa kijiji, ajibu maswali. Watu walitoa muda wao na walifungua midomo yao kwa wageni. Halafu hifadhi kila kitu sehemu zaidi ya moja: dodoso la mwisho, maelekezo ya wapimaji, picha za mifano ya kila kodi zilizotumika kwenye mafunzo, kapa za kila mpimaji, orodha ya maeneo, namna uzito ulivyokokotolewa, na data iliyosafishwa pamoja na ile ghafi. Timu ya miaka kumi ijayo itakuwa na watu wengine kabisa, na wataanza kwa kutafuta hilo faili.